Halfani Aipiga Ngoma ya Wanawake

SEHEMU YA KUMI NA NNE

Ukurasa ulituishia mkono wa Halfani ukiwa hewani, juu kidogo tu ya ngozi ya ngoma, huku mawe mawili ya Mlima Seluka yakimbana Emiliana kutoka kushoto na kulia. Basi mkono umeshuka. Ameipiga.

Du!

Mara moja tu, na mlima mzima ukanyamaza.

Mawe yakasimama palepale. Emiliana alikuwa katikati yake, bega moja limechubuka, pumzi imemkata, lakini mzima. Vumbi likamwingia puani akapiga chafya, na hiyo chafya ndiyo iliyomjulisha Halfani kwamba rafiki yake hajafa.

"Emi! Toka hapo! Toka upesi!"

Akajichomoa kiubavu, akapapasa ukuta mpaka alipo Halfani. Wala hakumshukuru.

"Nani amepiga ngoma?"

"Humu ndani kuna nani mwingine?"

"Halfani, nakuuliza. Nani amepiga?"

"Mimi. Ulitaka nikuangalie unavyosagwa kama mahindi mashineni?"

Emiliana akakaa chini.

Wewe unayeanza kusoma leo, nikuweke sawa haraka haraka maana muda hatuna. Emiliana haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, akasoma shule ya wasioona ya Buigiri, akajifunza nukta nundu, na vidole vilivyozoea kusoma vikaja kumpatia kazi sokoni Kibaigwa. Anatumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, kisha anakuambia mahindi yamekauka au yana unyevu, na kama kuna mjanja aliyechanganya vijiwe ili gunia liwe zito.

Halfani ni Mrangi wa Kondoa, dalali wa mahindi, mwongo anayefahamika kuanzia Gairo mpaka Dodoma mjini. Tena ni mwoga. Zikianza vurugu sokoni, yeye ndiye wa kwanza kutimua mbio. Mwaka wake wa kwanza Kibaigwa alileta gunia lenye vijiwe, Emiliana akavitoa kimoja kimoja mbele ya watu akampangia miguuni. Halfani alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwomba wafanye kazi pamoja. Huu ni mwaka wa sita.

Aliyewaleta mlimani ni Loisi, dada yake Emiliana, mpasua kokoto wa Msalato. Siku alipoupiga nyundo mwamba usiotakiwa kuguswa, ganzi ilimwanza kwenye vidole vya miguu, na tangu hapo anageuka jiwe kutoka chini kwenda juu. Dawa ni moja: ngoma ya muheme waliyopewa na Bibi Devota wa Chamwino ipigwe juu ya jiwe bapa lililo ndani ya Mlima Seluka, leo, kabla jua halijazama, na mpigaji aite jina la mtu mmoja. Huyo atafunguliwa. Mmoja tu.

Lakini muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio wanaoibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Na hii ya Bibi Devota ina sharti lake: mwanaume akiipiga, mlima utamtimizia haja yake hapohapo, kisha utamchukua yeye.

"Bibi Devota alisema nini kuhusu mwanaume?" Emiliana akauliza.

"Mimi sikusikia. Nilikuwa nje naongea na simu. Si unamjua yule mteja wa Morogoro anavyosumbua?"

"Nimekwambia njiani mara tatu!"

"Wewe unaniambia mambo mengi, Emi. Kwetu Kondoa wanaume wanapiga ngoma mpaka ngozi inapasuka, na sijasikia aliyekufa."

Ndipo mlima ukasema.

Sauti haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka kote, taratibu, sauti ya mtu asiye na haraka yoyote.

"Mbukwa."

Emiliana akainamisha kichwa. "Mbukwa," akaitikia salamu ya kwao Wagogo.

"Nimesikia mkono wa mwanaume."

"Ni bahati mbaya, mkubwa. Huyu ni mgeni. Hajui mila zetu."

"Haja yake nimemtimizia. Wewe u mzima. Nami nitapata changu."

Ikawa basi. Halfani akacheka kile kicheko chake cha sokoni, anachokitoa akitaka watu wabadilishe mazungumzo.

"Umeona? Maneno matupu. Inuka twende, jua halitungoji."

Simu ya Emiliana ikalia. Msiniulize mtandao ulitoka wapi ndani ya mlima. Siku hizi kila kilima kina mnara. Alikuwa Obedi, mume wa Loisi.

"Shemeji, jiwe limefika kifuani. Anapumua kwa shida. Mmefika wapi?"

"Tuko ndani, shemeji. Mwambie avumilie."

"Nimekuweka sikioni kwake. Mwambie mwenyewe."

"Dada," Emiliana akasema. "Nakuja. Usichoke kabla sijafika."

Kutoka upande wa pili zikasikika pumzi tu, nzito na za kuachana.

Halfani akajitwika ngoma. Kwa miaka sita, kila walipotembea pamoja, alimpa Emiliana kiwiko chake cha kushoto amshike. Leo akampa ncha ya mkanda wa ngoma.

"Shika huu."

"Kiwiko kimekwenda wapi?"

"Kimechoka. Ngoma nzito hii. Au nikubebe na wewe?"

Wakaanza kupanda. Njia ilikuwa nyembamba, na mwanga pekee uliingia kwenye ufa mrefu upande wa magharibi. Emiliana alikuwa anasikiliza. Mguu wa kushoto wa Halfani ulitua vizuri. Wa kulia ulitua kwa kishindo.

"Kiatu chako kina nini?"

"Soli imeachia."

"Cha kulia?"

"Vyote viwili. Vya mtumba, ulitegemea nini?"

Wakaenda kidogo. Sasa miguu yote miwili ilitua kwa kishindo.

"Halfani, unatembea kama mtu aliyebebeshwa magunia mawili."

"Na wewe unaongea kama Mgogo aliyeshiba mlenda. Tembea, mama."

Juma lililopita msomaji mmoja wa Mpwapwa alinitumia ujumbe mkali. "Huyo Halfani atamtoroka dada wa watu, na wewe mwandishi unamtetea." Sikumjibu. Leo namwomba asome mpaka mwisho, kisha anitumie mwingine.

Njia ilipokata kona, Emiliana akauachia mkanda. Akasimama.

"Nipe mkono wako."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

"Emi, hatuna muda wa mchezo."

"Miaka sita unanipa kiwiko bila kuombwa. Leo nakuomba mkono unakataa. Kuna nini?"

"Kuna kwamba nimechoka na wewe!" Halfani akafoka, na ukuta ukarudisha sauti yake. "Kipofu wewe! Bila mimi ungekuwa unapapasa kuta huko kwenu, unangoja mtu akushike mkono akupeleke chooni! Tembea!"

Emiliana aliganda. Watu wengi wamewahi kumwita hivyo, tena bila hata kukasirika. Halfani, hata siku moja. Uchungu ukampanda, akainua mkono akaurusha kule sauti ilikotoka, ampige popote utakapofikia.

Ukafikia nyonga. Maumivu yakampanda mpaka begani.

Ilikuwa jiwe.

Mkono wa Emiliana umetoa vijiwe kwenye mahindi ya watu kwa miaka, haukuhitaji kuambiwa. Akapiga magoti, akapapasa. Viatu, jiwe. Magoti, jiwe. Mapaja, jiwe. Alipopita mkanda wa suruali akakuta shati limelowa jasho, na ndani yake tumbo la mtu, la moto, linalotetemeka.

"Tangu lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu nilipopiga."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungesimama. Ukisimama, Loisi amekwisha."

"Ndiyo maana umenitukana."

"Nilitaka ukasirike, uende mbele bila kunigusa. Sikulipenda lile neno, Emi. Nimelitoa kwa shida."

Emiliana alikuwa bado amepiga magoti, mikono yake imeshika magoti ya jiwe. Kuna jambo lilikuwa linamjia taratibu, naye hakulitaka.

"Kule kwa Bibi Devota," akasema. "Simu yako iliisha chaji tangu tukiwa Kibaigwa. Uliniomba yangu umpigie mkeo."

Halfani akauvuta mkanda wa ngoma.

"Hukuwa unaongea na mteja yeyote."

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Ulisikia?"

"Nilisikia neno kwa neno. Nikaogopa hata kuisogelea hiyo ngoma, ndiyo maana nilijifanya sijui. Nikasema mimi kazi yangu ni kubeba tu."

"Kwa hiyo ulijua. Mkono ulipokuwa juu, ulijua."

"Mawe yalikuwa yameshakufikia, Emi. Sasa ningefanya nini?"

Emiliana akalia kwa sauti, bila aibu, kama wanavyolia wanawake wa Kigogo msibani. Halfani akamwekea kiganja kichwani. Kiganja kilikuwa bado cha mtu.

"Nitaita jina lako," Emiliana akasema.

"Usithubutu."

"Umekuwa hivi kwa ajili yangu!"

"Na wewe umekuja hapa kwa ajili ya nani? Hukuniomba nipige. Nimejipigia mwenyewe. Ukiita langu, nitatoka humu nikutangaze Kibaigwa nzima kwamba ulimwacha dada yako."

"Utangaze. Nani atakuamini wewe?"

Halfani akacheka kidogo. Simu ikalia tena.

"Shemeji!" Obedi hakuwa anaongea tena, alikuwa anapiga kelele. "Limefika shingoni! Hasemi! Macho tu ndiyo yanatembea! Shemeji, nifanye nini?"

"Mshike," Emiliana akasema. "Mshike tu, usimwache."

Akakata. Halfani alikuwa anatazama ufa.

"Mwanga umekuwa mwekundu," akasema. "Inuka."

Wakaenda. Halfani alijikokota kwa kuyumba, bega hili likivuta halafu lile, jiwe likisaga jiwe chini yake. Emiliana alimshika kiunoni kumsaidia, na kila hatua alisikia baridi ikipanda chini ya kiganja chake.

"Salma nitamwambia nini?" akauliza. Salma ni mke wa Halfani.

"Mwambie nimepata kazi mbali, nitachelewa."

"Hataamini."

"Hajawahi kuniamini hata siku moja. Ndiyo maana tumedumu."

Wakatokea kwenye uwazi mkubwa. Hapo miguu ya Halfani ikagoma kabisa. Akajaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, jasho likamtoka, mguu haukuinuka. Jiwe bapa lilikuwa mbele, hatua kama ishirini, na katikati kulikuwa na mashimo.

Akamvisha Emiliana mkanda wa ngoma shingoni.

"Nitakuongoza kwa mdomo. Sikiliza vizuri. Nyoosha mbele, hatua nne."

Emiliana akapiga nne.

"Simama. Kushoto kwako kuna shimo. Nenda kulia kidogo. Kidogo, nimesema! Hapo hapo. Sasa mbele tena."

"Unaendeleaje?"

"Mimi nimetulia kama nimeegemea kaunta ya baa. Mbele. Hatua tatu. Inua mguu, kuna kizingiti."

Sauti ilikuwa inabadilika. Ilikuwa nzito, inatoka kwa kulazimishwa, kama ya mtu anayeongea huku taya limefungwa kitambaa.

"Kulia. Tena. Ba... basi. Nyoosha."

"Halfani?"

"Mbele, Emi. Mbe..."

Neno halikumalizika.

Emiliana alisimama palepale, ameikumbatia ngoma. Aliita tena, na aliyemjibu ni mwangwi wake tu. Kisha akafanya kitu kigumu kuliko vyote alivyofanya siku ile: akageuza uso mbele. Akatanguliza mguu, akapapasa kwa unyayo kama anavyofanya mtu anayevuka mto, mpaka kidole kikagonga ukingo. Akapanda. Jiwe lilikuwa bapa na bado lina joto la mchana.

Akakaa, akaibana ngoma kwa mapaja.

Sitawadanganya. Jina la kwanza kumjia mdomoni lilikuwa la Halfani. Lilifika mpaka kwenye meno. Alilirudisha kwa nguvu, maana yule mtu alikuwa amejikokota na mwili wa jiwe ili jina jingine liitwe, na kuliita la kwake kungekuwa kumdharau.

Akapiga.

"Loisi!"

Mlima ukatikisika kuanzia chini. Kisha simu ikaita, naye akaipokea. Kelele. Vyombo vinaanguka. Obedi analia kama mtoto.

"Anasimama, shemeji! Amesimama! Anatembea, Mungu wangu, anatembea!"

"Emi?" Ilikuwa sauti ya Loisi, imekauka, ila ni yake. "Emi, mdogo wangu. Nilikuwa nasikia kila kitu. Rudi nyumbani."

"Ndiyo, dada."

"Halfani yuko wapi? Nataka kumshukuru. Mpe simu."

Emiliana akapapasa kitufe. Akakata simu. Ni mara ya kwanza maishani kumkatia dada yake.

Akarudi peke yake, bila wa kumwelekeza, akitambaa kwa mikono na magoti, akiyakwepa mashimo kwa kupapasa. Alipofika akainuka, akamgusa usoni. Paji la uso, pua, mashavu, yote baridi. Mdomo ulikuwa wazi. Ulikuwa bado katikati ya neno.

"Umepata wako," mlima ukasema, taratibu kama mwanzo. "Nami nimepata wangu. Sasa toka. Jua linazama, nafunga mlango."

Emiliana akavua khanga yake ya mabegani, akamfunika nayo Halfani, maana hewa ya mle ilikuwa imeanza kuwa baridi. Akaifunga fundo kifuani. Kisha akakaa chini, akaegemea miguu ya Halfani.

"Sitoki."

"Hujaelewa. Mlango ukifungwa haufunguki leo wala kesho."

"Nimeelewa."

"Humu hakuna chakula. Hakuna maji. Hakuna mwanga."

"Huo mwanga siuhitaji."

Simu ikaanza kuita mapajani mwake, ikaita ikakatika, ikaita tena. Lazima alikuwa Loisi. Emiliana akaizima.

"Aliyeitwa jina amefunguliwa," mlima ukasema. Sasa ulikuwa unaongea haraka kidogo. "Aliyepiga anatoka. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Anayebaki ni yule niliyemchukua. Sijakuchukua wewe."

"Najua. Nimebaki mwenyewe."

"Hakuna anayebaki mwenyewe!"

Vijiwe vikadondoka kutoka juu, vikamwagika mabegani kwa Emiliana. Hakusogea. Alichofanya ni kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa amesikia kitu. Miaka yote ya sokoni amekuwa akisikiliza madalali wakimwapia kwamba gunia ni safi, na anaijua sauti ya mtu asiyetaka mkono wako uingie ndani zaidi.

"Toka," mlima ukasema. "Nakuruhusu. Chukua na ngoma yako."

"Namngoja mwenzangu."

"Toka, mwanamke! Nakuomba, toka!"

Nakuomba. Emiliana alilisikia hilo neno. Mlima huu umegeuza watu mawe tangu kabla ya babu zake, leo unamwomba mtu mmoja asiyeona aondoke kabla jua halijazama. Ulikuwa unaogopa.

Akaegemea vizuri zaidi. Akaishika mikono miwili ya jiwe ya Halfani.

"Unaogopa nini?" akauliza.

Jua likazama, na mlango wa Mlima Seluka ukafungwa kabla hajajibiwa, Emiliana akiwa ndani. Jibu tulisubiri juma lijalo.